Mkono wa Askari na Uso wa Msafiri

Imekuwa desturi, kila panapozungumzwa habari za trafiki na madereva katika nchi yetu, kuwasikia watu wenye elimu na wasio na elimu wakikariri kwa sauti moja kwamba ubaguzi wa barabarani ni maradhi ya mataifa mengine. Kwamba Marekani, ambako mtu mweusi husimamishwa kwa sababu ya weusi wake, ndiko malalamiko ya namna hiyo yanakostahili. Ama sisi, ambao askari wetu na dereva wetu ni wa rangi moja na huenda walicheza pamoja utotoni, tumesalimika nayo. Na kwamba yeyote anayekamatwa katika barabara za Nachingwea na Ruangwa amekamatwa kwa taksiri yake mwenyewe, wala si kwa sura yake. Kauli hii hupokewa kwa wepesi kwa kuwa inamfurahisha kila mtu: humfurahisha askari, kwa sababu inamtakasa, humfurahisha kiongozi, kwa sababu haimdai kitu, na humfurahisha hata mwananchi, kwa sababu inamwambia kwamba nchi yake ni bora kuliko za wengine. Nakusudia kuipinga, mwanzo wake na mwisho wake, kwa kuwa naamini si kweli, na kwa kuwa naamini vilevile kwamba uwongo wake unaua watu. Kumchagua msafiri kwa uso wake, na kushindwa kuzuia ajali, si makosa mawili yaliyokutana kwa bahati; ni kosa moja, maana mkono unaoinuka kwa sababu ya uso hauwezi, katika dakika ile ile, kuinuka kwa sababu ya hatari.

Na tuijue kwanza barabara yenyewe. Mandawa ni kata katika wilaya ya Ruangwa, mkoani Lindi, nchi ya Wamwera na majirani zao Wamakonde, Wayao na Wamakua, ambayo riziki yake imo katika ufuta, korosho na mbaazi. Na tangu mazao hayo yaanze kuuzwa kwa stakabadhi ghalani, mkulima akipeleka magunia yake katika chama cha msingi, na chama kikuu cha RUNALI, kinachojumuisha Ruangwa, Nachingwea na Liwale, kikiupeleka mzigo mnadani, fedha hushuka vijijini kwa mkupuo, na kijana aliyepata fungu lake, jambo la kwanza analolitia moyoni ni pikipiki. Kanuni za mwaka 2010 zilikwisha kuhalalisha pikipiki na bajaji kuchukua abiria kwa malipo. Lakini hata kama zisingalikuwako, haja ingalizileta, kwa sababu katika vijiji ambavyo basi hupita mara moja kwa siku au halipiti kabisa, bodaboda ndiye basi, ndiye lori na ndiye gari la wagonjwa. Mama aliyeshikwa na uchungu usiku hupakiwa mishikaki, dereva mbele na shangazi nyuma akimkumbatia asianguke, mpaka kituo cha afya. Na dereva huyo huyo, siku akivunjika paja, ndugu zake humfunga vipande vya mti wakamkimbiza Ndanda au Nyangao, katika hospitali za misheni ambazo watu wa kusini wamezizoea tangu zama za babu zao, na shamba la mikorosho hukodishwa ili kulipia chuma kinachotiwa mfupani. Ajali moja kwetu humnyang'anya mtu mguu, na nyumba nzima msimu wake.

Asiyeamini kwamba barabara hii ina macho, na aketi chini ya mkorosho karibu na kizuizi, tangu asubuhi hadi adhuhuri, atazame bila kusema neno. Itapita Land Cruiser nyeupe ya mradi yenye namba za DFP, au gari la Serikali lenye STK, au gari la kampuni lililomchukua Mzungu aliyekuja kwa habari za madini ya kinywe, na aghalabu litapungiwa mkono lipite, pengine kwa saluti, bila kuulizwa kama lilitoka Nachingwea kwa mwendo gani na kama abiria wa nyuma wamefunga mikanda. Itakuja Canter ya mfanyabiashara mwenye asili ya Kihindi au Kiarabu, ambaye babu yake huenda alizaliwa Lindi kabla babu wa askari hajazaliwa, nayo itakaguliwa tangu tairi hadi mtungi wa kuzimia moto na pembetatu ya tahadhari, kwa dhana kwamba watu wa namna yake hawakosi fedha. Atakuja kijana wa Kisukuma au wa Kibarbaig, mmojawapo wa wale ambao wazazi wao walielekezwa mkoa wa Lindi pamoja na mifugo yao walipoondolewa katika bonde la Ihefu mwaka 2006 na 2007, amejitanda shuka lake juu ya pikipiki, na kabla hajaulizwa leseni ataulizwa katoka wapi, anamfuata nani, na ng'ombe ni wa nani. Kisha atakuja mwana wa Mandawa mwenyewe, juu ya Boxer yenye kioo kimoja, kandambili miguuni na gunia la ufuta mgongoni mwa pikipiki limefungwa kwa mpira wa tairi, naye ataandikiwa. Na nyuma yake, likipanda kilima kwa gia ndogo na moshi mweusi, litatokea Fuso lililosheheni magunia hadi mbao za bodi zinalia, tairi zake ni vipara, taa ya nyuma ya kulia imevunjika zamani na mahali pake pamefungwa kitambaa chekundu. Nalo litapita, kwa sababu mwenyewe anajulikana.

Sisemi kwamba hivi ndivyo ilivyo kila siku na kwa kila askari. Wako askari waadilifu, tena wengi, wanaosimama juani saa nyingi kwa mshahara mdogo, na siku ya ajali wao ndio wanaookota viungo vya watu barabarani. Nasema kwamba utaratibu umemwachia askari uchaguzi usio na mpaka, na mwanadamu aliyeachiwa uchaguzi usio na mpaka huchagua kwa lile analoliona kwanza, nalo ni uso, mavazi na thamani ya chombo.

Watakaonijibu kwamba hayo ni mambo ya tajiri na maskini, ya mwenyeji na mgeni, wala si ya rangi, nawaomba waisome Katiba yetu ya mwaka 1977. Ibara yake ya 13 haikuridhika kutamka kwamba watu wote ni sawa mbele ya sheria kisha ikanyamaza. Imeeleza kubagua ni nini, na katika maelezo hayo imeweka utaifa, kabila, pahala mtu alipotokea, rangi, dini, jinsia na hali ya maisha katika safu moja, pasipo kuliweka moja juu ya lingine. Mzungu anayepishwa bila kuulizwa, Mhindi anayekamuliwa kwa sababu ni Mhindi, mfugaji anayehojiwa kwa sababu ya shuka lake, na mkulima anayeandikiwa kwa sababu ya kandambili zake, wote wanne wamo katika ibara hiyo moja. Wala si fikra iliyoletwa na wageni juzi. Oktoba 1961, wiki chache kabla ya Uhuru, Bunge la Tanganyika lilipojadili sheria ya uraia, na baadhi ya wabunge wakataka uraia uwe wa Waafrika peke yao, Julius Nyerere alisimama akaipinga fikra hiyo kwa ukali, akalifanya jambo lenyewe kuwa la kubaki au kuondoka kwa serikali yake. Nchi iliyoanza hivyo haina udhuru wa kumpima mtu kwa rangi yake penye kizuizi cha barabara ya vumbi, iwe kumdhili au kumtukuza. Maana kumtukuza mmoja kwa ngozi yake ni kumdhili mwenziwe aliyesimama nyuma yake kwenye foleni.

Na watu wa Nachingwea, kuliko watu wengi, wanajua kupangwa kwa rangi kulivyo. Mpango wa karanga wa Waingereza, ulioanza mwaka 1947 na kuanguka miaka michache baadaye baada ya kumeza mamilioni ya pauni, ulileta matrekta, ulileta reli kutoka pwani ya Mtwara, na ulileta mji wenye makazi ya Wazungu upande wake na makazi ya vibarua upande wake. Karanga hazikumea kama ilivyotarajiwa. Reli iling'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Mazoea ya kumtazama mtu usoni ili kujua apite au asipite hayang'oki upesi kama reli.

Sasa nije kwenye nguzo ya kauli ninayoipinga, nayo ni hii: anayekamatwa amekosa, na aliyekosa hana haki ya kulalama kwamba mwingine hakukamatwa. Ina sura ya uadilifu, lakini yamfaa mtu asiyepata kuzisoma sheria za barabarani. Sheria yetu ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973, pamoja na kanuni zilizozaliwa chini yake, imesheheni makosa mengi sana, makubwa na madogo, hata ni taabu kukipata chombo kinachotembea kati ya Ruangwa na Nachingwea kisichoweza kuandikiwa chochote: kioo, indiketa, stika, bima iliyokwisha jana, namba iliyofutika kwa vumbi, tairi, mkanda, mzigo. Mahali ambapo wote wamekosa, kukosa hakuwezi kuwa sababu ya kukamatwa huyu na kuachwa yule. Sababu imo penginepo, na ni wajibu wetu kuitafuta.

Iliwahi kutafutwa na ikaonekana. Mwaka 1996, katika kesi ya Soto, Jaji Robert Francis wa New Jersey, Marekani, aliukubali ushahidi wa mtaalamu wa takwimu, John Lamberth, ambaye watu wake walikuwa wamehesabu magari katika barabara kuu ya jimbo hilo. Magari karibu yote, asilimia 98, yalikuwa yakizidi mwendo uliowekwa. Yaliyokuwa na mtu mweusi ndani yake yalikuwa takriban asilimia 13. Lakini miongoni mwa waliosimamishwa na kuandikwa rangi zao, weusi walikuwa asilimia 35. Na lililo muhimu zaidi kwetu, sisi wenye tochi za kupimia mwendo, ni hili: kikosi kilichotumia rada, yaani chombo kinachosoma mwendo wala hakioni ngozi, kati ya wale kiliowakamata weusi walikuwa takriban asilimia 18; lakini katika kikosi cha doria, ambacho askari wake alijichagulia mwenyewe nani amfuate, weusi waliokamatwa walikuwa takriban asilimia 34. Barabara ni ile ile, madereva ni wale wale, sheria ni ile ile. Kilichobadilika ni kiasi cha hiari aliyoachiwa mwenye kukamata. Basi ubaguzi hauhitaji askari mwenye chuki moyoni. Unahitaji sheria pana, hiari isiyo na mpaka, na jamii ambayo imekwisha kuamua kimoyomoyo nani wa kushukiwa. Na kati ya vitu hivyo vitatu, sioni hata kimoja ambacho Tanzania imekikosa.

Nasikia jibu: hayo ni ya ng'ambo, sisi hatujafika huko. Majirani zetu wamefika. Kenya mwaka 1989 iliwahakiki raia wake Wasomali kwa kuwapa kadi yao peke yao ya rangi ya waridi. Na Aprili 2014, baada ya mashambulizi ya kigaidi, maelfu ya watu waliokamatwa katika msako wa Nairobi, wengi wao Wasomali, walipelekwa uwanja wa Kasarani kuchambuliwa. Lililo karibu nasi zaidi ni la Wamakonde wa Kwale, damu moja na watu wa mikoa hii yetu, ambao wazee wao walivuka kutoka Msumbiji kwenda kulima mkonge na miwa katika mashamba ya pwani ya Kenya, wakazaa na kuzikana huko, na kwa miongo mingi wasiwe na kitambulisho. Kwa mtu wa namna hiyo kila kizuizi cha barabara kilikuwa mpaka wa nchi. Oktoba 2016 walifunga safari kwa miguu kutoka Kwale hadi Nairobi kuidai haki yao kwa Rais Uhuru Kenyatta, na mwaka 2017 wakatambuliwa kuwa kabila la 43 la Kenya. Sikumbuki kusikia kwamba katika miaka yote ile ya kumtafuta Mmakonde asiye na karatasi, matatu zilipunguza mwendo.

Na hapa ndipo penye kiini cha shauri langu. Maana wako watu wema ambao watanikubalia yote niliyosema juu ya haki, kisha watasema: lakini bora ukali usio sawa kuliko ulegevu, kwa kuwa watu wanakufa. Ni kweli wanakufa. Shirika la Afya Duniani lilihesabu watu milioni 1.19 waliokufa kwa ajali za barabarani mwaka 2021, zaidi ya nusu yao wakiwa waendao kwa miguu, kwa baiskeli na kwa pikipiki. Na Afrika, yenye magari machache kuliko mabara mengine, ndiyo yenye vifo vingi kuliko yote kwa kulinganisha na idadi ya watu wake. Lakini ukali usio sawa hauokoi hata mmoja wa hao, na sababu yake haihitaji falsafa. Kinachoua kinajulikana. Mwendo unaua: wastani wa mwendo ukipanda kwa asilimia 1, ajali za mauti hupanda kwa takriban asilimia 4. Kichwa wazi kinaua: helmeti iliyofungwa kidevuni hupunguza vifo vya wapanda pikipiki kwa takriban asilimia 40. Pombe inaua, usingizi wa dereva wa lori unaua, na giza linaua. Nani, katika sisi tulioishi kusini, hajapata kusikia habari ya kijana aliyeingia uvunguni mwa Fuso lililoharibika usiku na kuachwa katikati ya njia, bila taa, bila pembetatu, na matawi ya miti yaliyowekwa hatua chache tu nyuma yake? Kioo cha pembeni cha pikipiki hakikumwua kijana huyo. Stika ya bima haikumwua.

Tazama sasa kizuizi kinasimama wapi, na saa ngapi. Kinasimama mchana. Kinasimama penye kivuli, au mwisho wa kijiji penye kibao cha 50 kilichosahauliwa mahali ambapo nyumba zimekwisha na barabara imenyooka, tochi ikiwa nyuma ya kichaka, kwa sababu hapo ndipo dereva hujisahau na ndipo mavuno yanapopatikana. Mbele ya shule ya msingi, saa watoto wanapotoka, mara nyingi hapana mtu. Kilabuni jioni ya siku ya malipo ya ufuta hapana mtu. Na usiku wa msimu wa korosho, malori yanapokimbizana na zamu ya ghala, hapana mtu kabisa. Lami iliyofika Ruangwa kutoka Nanganga ni neema kubwa tuliyoiomba miaka mingi. Lakini lami huongeza mwendo, na mwendo ulioongezeka usiku hauna wa kuupima.

Nachelea kutoeleweka juu ya faini. Bajeti ya mwaka 2021, iliyosomwa na Waziri wa Fedha wa wakati ule, Mwigulu Nchemba, ilishusha faini ya pikipiki na bajaji kutoka shilingi 30,000 hadi 10,000 kwa kosa moja, na niliona ni uungwana, kwa sababu adhabu inayozidi kipato cha siku tatu humfundisha maskini kukimbia, wala haimfundishi kutii. Na bodaboda anayemkimbia askari kwa kupitia vichochoro, abiria akiwa mgongoni, ni hatari kuliko kosa alilolikimbia. Lakini kupunguza bei ya faini hakukubadili swali la nani anaandikiwa na kwa nini. Elfu kumi inayotozwa kwa kioo ni elfu kumi iliyopotea. Elfu kumi inayotozwa kila mara, kwa kila mtu, kwa kuendesha bila helmeti, ni roho iliyonunuliwa kwa bei rahisi. Na pale ambapo dereva anajua kwamba angeweza kuandikiwa kwa lolote, wakati wowote, kwa mapenzi ya aliye mbele yake, hapo ndipo kitu kidogo kinapozaliwa: mkono wenye hiari ya kuandika una hiari ya kutoandika, na hiari hiyo ina bei yake, ambayo Mhindi anatajiwa moja, mfugaji nyingine, na mwana wa Mandawa nyingine. Wanaoilaani rushwa ya barabarani huku wakiitetea hiari isiyo na mpaka wanalaani moshi na kuchochea moto.

Kwamba kugeuza nguvu za askari kuelekea hatari huleta haki na salama kwa pamoja, si ndoto yangu. Katika mji wa Fayetteville, jimbo la North Carolina, mkuu wa polisi Harold Medlock, aliyeongoza tangu mwaka 2013 hadi 2016, aliwaamuru askari wake wasimamishe magari kwa makosa yanayohatarisha maisha, mwendo, taa nyekundu, uendeshaji wa hatari, na wapunguze kusimamisha kwa karatasi zilizopitwa na tarehe na kwa dhana tupu. Watafiti walioulinganisha mji huo na miji inayofanana nao walikuta kwamba ajali zenye majeruhi zilikuwa pungufu kwa takriban asilimia 23, fungu la weusi katika waliosimamishwa likapungua, na uhalifu ambao wapinzani walitabiri kwamba ungefumuka haukufumuka. Philadelphia nayo mwaka 2021 ilipitisha sheria ya mji kwamba makosa kadha madogo, kama taa moja iliyoungua, hayatoshi peke yake kuwa sababu ya kumsimamisha mtu. Sitaki tuige miji ya Marekani, ambayo ina dhuluma zake nyingi. Nataka tuone kwamba hata huko, ambako jambo hili limemwaga damu, dawa iliyofaa ilikuwa ile ile ambayo akili ya kawaida ingetuagiza hapa.

Sitetei bodaboda kwa kila alitendalo. Anayepakia mishikaki wanafunzi wanne kwenda shule wakati kuna njia nyingine, anayeendesha amelewa, anayeninginiza helmeti kwenye usukani kama pambo na kuivaa anapomwona askari tu, huyo namtakia faini, na akirudia namtakia mahakama. Namtakia hivyo kwa ukali kuliko wanavyomtakia wale wanaonishutumu kwa ulegevu, kwa sababu mimi nataka akamatwe kila mara, na wao wanaridhika akamatwe anapokosa bahati. Lakini nataka vilevile dereva wa STK aliyepita Mandawa kwa kilomita 110 kwa saa, kuku na watoto wakirukia vichakani, akutane na mkono ule ule na karatasi ile ile. Kijana akiona mara moja tu gari la mkubwa limesimamishwa na kuandikiwa kwa mwendo, atajifunza juu ya sheria zaidi ya atakachojifunza katika semina nyingi za usalama barabarani.

Hili linawezekana bila sheria mpya ya Bunge. Amri ya kikosi yatosha kusema kwamba tochi itawekwa penye shule, penye soko na penye kona zilizokwisha kuua, na kwamba kila kilichosomwa na tochi kitaandikwa, chombo kiwe cha yeyote. Amri yatosha kusema kwamba askari hatapimwa kwa wingi wa faini alizokusanya, kipimo ambacho hata kisipoandikwa popote kinajulikana na kila mtu, bali kwa kupungua kwa majeruhi katika eneo lake. Zaidi ya yote nataka kitabu. Kila chombo kinaposimamishwa, askari aandike saa, mahali, sababu, aina ya chombo na ya namba, kazi ya dereva, na matokeo, hata kama matokeo ni kumwambia dereva aende salama. Leo tunachokijua ni walioandikiwa peke yao. Waliosimamishwa wakaachiwa, na kilichowafanya waachiwe, hakuna anayekijua, na giza hilo ndilo makao ya dhuluma na ya mlungula pamoja. Askari mwadilifu hatakichukia kitabu hicho: ndicho kitakachomtenga na mwenzake siku ya lawama, ambayo sasa humwangukia kila aliyevaa sare nyeupe.

Wataniambia askari ni wachache na mafuta ya doria ya usiku hayapo. Askari ni wachache, nakubali. Na ndiyo sababu haifai saa zao ziliwe na vioo vya pikipiki mchana kutwa. Askari wawili waliohamishwa kutoka kizuizi cha saa nne asubuhi kwenda barabara ya saa tatu usiku, katika wiki za kusomba korosho, hawaongezi hata senti katika bajeti ya mshahara. Kijiji kina mkutano wake mkuu, ambapo mapato na matumizi husomwa. Kata ina diwani wake na kamati yake ya maendeleo. Na kitabu hicho kisomwe hapo, Mandawa, kabla ya msimu ujao: ni malori mangapi yalisimamishwa usiku kwa kukosa taa, ni magari mangapi ya Serikali yaliandikiwa kwa mwendo, ni wafugaji wangapi walisimamishwa na kwa kosa gani lililoandikwa, na pale penye ukurasa mtupu, ofisa aliyetumwa ausimamie ukurasa huo mbele ya watu na kueleza kwa nini ni mtupu.